Tumbaku ya Shangazi Shinuna

Mbegu ya tumbaku, ukiipigia chafya umekwisha mlimia jirani.
Ndiyo maana shangazi huichanganya na majivu
ndani ya kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono,
akaimwaga kama anayetia chumvi mchuzi wa mgeni:
kidogo, halafu kidogo tena, halafu anajuta.

Hapa Ibra, Oktoba, joto likianza kulegeza meno,
nyuma ya nyumba, baina ya mndimu na kiyoyozi kinachodondoka,
miche arobaini na mmoja.
Huo mmoja ni wa jicho la watu.

Uwanja wa ndege walimvua furushi alilotoka nalo Unguja.
Kijana wa forodha alimwita mama, akalitupa pipani.
"Basi nitaizaa mwenyewe," akasema,
na mwaka ule akazaa.

Maji ni ya falaji, zamu yetu Jumanne,
nusu athari, si tone zaidi.
Shofikul hukisukuma kizibo cha matambara kwa kisigino.
Kwao Rangpur, anasema, tumbaku hulala hadi chini ya kitanda.
Kiarabu chake cha kuokoteza
na Kiarabu cha shangazi, kilichomkuta mtu mzima
mdomo umeshajaa Kiswahili cha Vikokotoni,
hukutana juu ya jani moja:
Hii zuri. Hii bado. Hii mdudu.

Mimi ni muuguzi.
Chumba namba tatu, ukutani pana picha ya pafu jeusi kama mkaa;
nimeibandika kwa mkono wangu.
Nawaambia wanaume: acha.
Nawaambia wavulana wenye siri nyuma ya mdomo: fungua, nione.
Jioni naokota viwavi.
Vidole vinanata gundi isiyosikia sabuni ya zahanati,
na asubuhi nikishika kadi za wagonjwa
kadi nazo zinanishika.

Hewa ya huku haina subira.
Jani hukauka lingali kijani, likavunjika kama mkate wa juzi.
Kwa hiyo tunayatundika bafuni, yapate mvuke.
Tunaoga chini ya majani.
Mgeni akitaka kutawadha, tunamsifia bomba la uani.

Januari, shangazi akapiga mwayo.
Chini ya ulimi, doa jeupe,
dogo, kama ukucha wa mtoto.
Rangi ile naijua. Nimeiandikia barua nyingi za kwenda Maskati.
Nikamwambia.
"Chokaa hiyo," akajibu,
akafunga kijaluba chake: tak.

Wiki ile Shofikul alikwenda kwao, amepata binti.
Kazi ya kukata vilele ikabaki kwangu.
Kisu nilikuwa nacho. Nilisimama nacho.
Sikukata.
Maua yakatoka, waridi, marefu, yana aibu mchana,
na usiku nondo wakaja kwa wingi nisioujua.
Ua hunywa nguvu ya jani, kila mkulima anajua.
Nikaliacha linywe.

Machi, akasokota jani la juu,
akalilaza kwenye tambuu, popoo, chokaa, akakunja.
Akatafuna.
Akatafuna.
Akanitazama kama noti inayoshukiwa.
"Hukukata vilele."
"Sikukata."
Akatema ndani ya kopo la maziwa ya unga,
akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio,
akahesabu miche, au alijifanya anahesabu.
"Hiyo barua yako ya Maskati
ni ya siku gani?"

Ya Alhamisi.

Jumatano, vitumba vikapasuka vyenyewe dirishani.
Vumbi lile la kahawia nikalikusanya ndani ya bahasha ya zahanati.
Hakuniambia nilitupe.
Sikumwuliza.

Alfajiri, tumepita kituo cha mafuta, hatujasemezana,
nikasikia, ndani ya mkoba wake,
tak.